Barua Pepe za Hamad Zinarudi

Leo uso sina, jamani.

Kwa wasionijua, mie ndiye fundi wa kompyuta wa ofisi yetu hapa Konde, Pemba. Barua pepe zote zinapita kwenye lango ninalolisimamia. Yenye mpokeaji inaingia, isiyo na mpokeaji inarudi ilikotoka. (Nilikuwa najivunia kazi hii. Nilikuwa.)

Asubuhi naingia, lango limejaa makosa. Barua za wafadhili wa masomo ya kilimo cha mwani zinarudi moja baada ya moja: "Mpokeaji hayupo." Nikaangalia mtandao, mzima. Nikaangalia jina: Hamad Khamis Hamad, mwenzetu wa kitengo cha mwani, mtu wa Micheweni. Moyo ukaniuma. Masikini, nafasi aliyoihangaikia miaka yote imekuja na mwenyewe hayupo duniani!

Maana wiki iliyopita tangazo liliingia kwenye kundi letu la simu: Hamad Khamis Hamad wa Micheweni kafariki, maziko baada ya alasiri. Wenzangu wote wakenda. Mie nikasema nina homa. (Homa gani? Kulikuwa na mpira.) Waliporudi nikasema, "Allah amrehemu," wakaitikia, "Amin." Akaunti yake nikaifunga siku ile ile, nikajiona mchapakazi.

Basi leo nikawaandikia wafadhili kwa heshima zote: "Tunasikitika kuwaarifu kuwa ndugu Hamad ametangulia mbele ya haki." Wakajibu papo hapo. Pole nyingi, na nafasi wamempa aliyekuwa akimfuatia. Wallahi nililia!

Sijamaliza kufuta machozi, mlango ukafunguliwa.

"Assalaam alaykum. Salum, ndo kwanza narudi kazini, mbona barua pepe yangu haifunguki? Leo ndo mwisho wa kuwajibu wale watu wa masomo."

Hamad! Na miguu yake miwili!

Nikapiga ukelele, chai ikamwagikia kibodi. Bi Mgeni, mkuu wetu wa ofisi, akaja mbio.

"Kuna nini?"

"Bi Mgeni, huyu si kafa? Si mlikwenda mkamzika?"

"Yakhe, tumemzika babu yake! Huyu kapewa jina la babu."

Wapemba wenzangu, mnajua mambo yetu. Hamad kamzaa Khamis, Khamis kamzaa Hamad, hivyo hivyo vizazi na vizazi, mpaka babu na mjukuu majina matatu yote sawasawa. Hata mie jina langu zima ni la babu yangu! Na bado halikunijia kichwani.

Bi Mgeni akawapigia wafadhili. Akaeleza, akabembeleza, akaapa kuwa mtu yuko mbele yake anapumua. Wakasema wamefurahi sana kusikia hivyo, lakini mwenzake kashathibitisha. Akaweka simu chini. Hakuna aliyecheka.

Hamad kakaa kitini. Laiti angenitukana! Mie naomba radhi, maneno hayatoki sawasawa, naye ananitazama tu. Mwisho akainama, akaniwekea mfuko mezani.

"Ndimu hizo. Mama kakuletea. Hatukukuona mazikoni, tukaambiwa una homa, akasema lazima imekuzidi."

Ndimu ziko hapa mbele yangu, sijathubutu kuzigusa. Nimeifungua akaunti yake, inapokea vizuri kabisa, ila hakuna tena anayemwandikia.

Msinicheke, nawaomba. Mkisikia msiba tu, nendeni mkazike, angalau mtamjua aliyekufa.