Mlima Umetoka

Jumatatu, 5 Septemba 1994
Kabla sijafa niandike: macho yangu yamekwisha. Katikati ya kila ninachokitazama pana doa. Pembeni naona kidogo. Nimewaficha wote, hasa binti yangu Twahira. Akijua tu, atanihamishia kwake Usa River, nikae ndani nisikilize redio. Mimi, mwalimu wa sayansi! Nataka kufia hapa Lemara, kwenye benchi langu, nikiutazama Mlima Meru.

Mbinu yangu kuu ni “marahaba.” Nikisikia nyayo, naitikia kabla sijaamkiwa. Mtu anadhani nimemwona. Leo nimeitikia koti la mtumba la jirani, limeanikwa kambani. Jirani akacheka. Nikasema natania. Kumbe ubongo! Haupendi nafasi tupu. Ukipewa mabega na kola, unaongeza kichwa wenyewe.

Jumanne, 6 Septemba
Balaa! Marahaba imemwangukia Jamaldini, mzee mwenzangu wa benchi. Anadai amenizidi umri. Miaka yote hatuamkiani, maana hakuna anayekubali kuanza. Akafoka: “Wewe Nasri, nani kakuamkia? Shikamoo yangu utaisikia kaburini!” Akauliza kama siku hizi sioni. Nani, mimi? Nikamwonyesha mlima. Nikasema leo umetoka vizuri, una wingu moja tu. Akasema mawili. Mbishi! Tukabishana hadi chai ikapoa.

Alhamisi, 8 Septemba
Twahira amesikia kisa cha koti, naye ameleta habari: kesho napelekwa kupimwa macho. Sina wasiwasi. Kwenye karatasi ya daktari kuna E tupu, zimegeuzwa huku na huku. Jamaldini alipimwa juzi juzi, akarudi anajigamba kwamba anaona kama mwewe. Nikamwendea. Nikamwamkia. Shikamoo! Ulimi uliniwasha. Aliitikia polepole, kama mtu anayetafuna mnofu. Kisha akanitajia mstari mzima: juu, kulia, kulia, chini, kushoto. Nimeukariri barabara.

Ijumaa, 9 Septemba
Nilitamka kwa sauti ya darasani. Daktari akakohoa. Akamwambia Twahira nimekosa zote. Akaongeza kwamba kuna mzee mwingine wa Lemara alikosa vile vile, kwa mpangilio ule ule. Jamaldini! Mwewe gani! Nimeuza shikamoo yangu bure kabisa.

Nikajitetea kwamba chumba kilikuwa na giza, kwamba mambo ya mbali nayaona vizuri, hata mlima nauona kila asubuhi. Twahira akasema sawa, kesho atakuja kukaa kwenye benchi nami na Jamaldini. Nikiuona mlima, nabaki. Nisipouona, nafunga begi. Nalala nikitabasamu. Mlima haujawahi kunishinda.

Jumamosi, 10 Septemba
Twahira akakaa katikati yetu. Nikaanza mara moja: mlima umetoka, kilele kiko wazi, wingu moja begani. Jamaldini akadakia kwamba ni mawili, tena yako kushoto. Nikamwambia kushoto kwake ni kulia kwa watu wazima. Sauti zikapanda. Halafu Twahira akasema, taratibu: “Baba. Ba’mkubwa. Mlima gani? Hapo mbele kuna bango la sabuni, kubwa kuliko nyumba. Lipo tangu Juni.”

Ba’mkubwa! Hata binti yangu mwenyewe!

Ni kweli, tangu biashara iachiwe huru mabango yameota kila mahali. Sikujua moja limeota kwetu. Jamaldini akadai yeye alikuwa ananifuata mimi, kwa adabu tu. Mwongo mkubwa! Mimi ndiye niliyekuwa namfuata yeye. Twahira alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha akaingia ndani, nikamsikia akikunja mashati yangu.

Jumapili, 11 Septemba
Gari linakuja kesho. Nimepata mbinu mpya, safi kabisa. Tutamwambia Twahira kwamba hatuwezi kutenganishwa: Jamaldini ndiye macho yangu, na mimi ndiye macho yake. Hawezi kukataa, atatuacha hapa hapa Lemara. Jamaldini amekubali, kwa sharti nimwamkie kila siku. Tutaona.

La mwisho nikiri. Leo asubuhi, huku nikijua bango lipo, nilikaa nikatazama. Bango sikuliona. Mlima niliuona, mzima, mpaka kileleni.

Na wingu ni moja.