Vazi Langu la Diwali

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku njema. Namshukuru Mungu kwa kila kitu, hata kwa Lukelo.

Bosi ametukusanya mchana mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, akaizima kabisa ili tumsikie. Habari mbili. Ya kwanza: Mzee Mayunga, msimamizi wa ghala, anastaafu mwisho wa mwezi na kurudi kwa ng'ombe wake. Ya pili: Jumatatu ya tarehe ishirini ni Diwali, na kama kila mwaka wafanyakazi wote tunakaribishwa nyumbani kwake jioni, sisi na wake zetu. Jina la msimamizi mpya atalitaja hapo hapo. Akaongeza kwamba mama yake, Bibi Savita, atafurahi sana mwaka huu tukija tumevaa Kihindi, na atakayependeza kuliko wote atapata zawadi.

Habari hizo mbili nikaziunganisha papo hapo. Wenzangu walikuwa wanafikiria bajia na ladu, yale madonge matamu ya Kihindi.

Msimamizi hukaa ndani, karibu na feni. Mimi ni karani wa mizani. Huu mwaka wa kumi na tatu nasimama mlangoni nikila vumbi la pumba, na kifua kimeanza kulalamika. Mshindani wangu ni mmoja tu, Lukelo, fundi wa mashine. Ana shati moja la maana, alilonunua kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Upelelezi. Nimejitolea kumpelekea Bibi Savita mchele wake nyumbani, kilo kumi, kwa baiskeli yangu mwenyewe. Bibi kazaliwa Mahenge. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na akikasirika husema Kipogoro.

Nikampa shikamoo, nikakaa, nikauliza kwa mbali mtu wa kipato changu avae nini siku hiyo. Akanieleza kwa moyo wote. Nisihangaike na nakshi wala mawe ya kumetameta. Joto hili la Oktoba linataka pamba nyepesi. Kurta, yaani kanzu fupi ya kufika magotini, juu ya suruali nyembamba. Rangi yenye uhai: manjano, kijani, nyekundu. Mtandio begani, kama upo. Mwanamke akikosa sari, kitenge kizuri kikifungwa vizuri kinatosha. Nyeusi tu ndiyo hawaivai, kwa sababu hawaioni kuwa rangi ya heri.

Hilo la nyeusi nimeliweka akiba.

Kanifungia na chevda, vitafunio vyao vya pilipili, kwenye gazeti. Nilizimaliza kabla sijafika kazini. Mama mwema sana.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sokoni hakuna kurta. Kwenye mitumba nilipata moja, ya mtoto.

Mke wangu Levina kashauri tununue mita tatu za pamba ya kijani kwa mama wa vitambaa pale stendi, bei ni rahisi, kisha nimpe fundi yeyote. Nikamwambia kijani watavaa watu wote. Nataka kitu kitakachomfanya Bosi aache kutafuna.

Nimekwenda kwa fundi Anselim, jirani na parokia. Miaka thelathini anashona kanzu za mapadre. Anacho kitambaa cha rangi ya maziwa kilichobaki kwenye jubilei ya padri mmoja, na amenipa kwa bei ya kutupa. Nilimwonyesha picha ya kurta kwenye simu. Simu ikazima yeye akiwa bado anatafuta miwani. Akasema nisijali, nguo yenye kola ya kusimama ameshona mamia. Nikashukuru kwa kumpata mtu mzoefu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikumfuata Lukelo. Kanifuata mwenyewe wakati wa chai. Kaniuliza kwa aibu avae nini, maana kasikia nilikwenda kwa Bibi. Mambo haya hayajui, na hataki kumvunjia heshima mama wa watu.

Nikamhurumia, kweli kabisa. Kisha nikamwambia nyeusi. Suti nyeusi, shati jeusi, na kofia ikipatikana. Nikamwambia ndiyo inayovaliwa siku hizi na matajiri wa Kihindi mjini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema mjomba wake anayo suti ya misiba, ataiazima.

Nilikosa hamu ya andazi kwa dakika kama tano hivi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nguo imekuja. Inafika kwenye vifundo vya miguu. Ina vifungo thelathini na tatu. Mtandio ameufanya mwembamba, unashuka pande zote mbili za kifua, na kila ncha ameidarizi msalaba mdogo wa dhahabu. Nilipompigia, Anselim alisema mkono ulikwenda wenyewe.

Niliivaa ili kujitazama tu. Nikasahau kwamba huu ni mwezi wa Rozari na leo jumuiya inasali kwetu. Umeme ulikuwa umekatika. Watu kama ishirini wakaingia uani, na mwenyekiti wetu, Mama Serafina, ambaye jioni macho yanamsumbua, akaniamkia kwa Tumsifu Yesu Kristo. Nikaitika. Akafurahi kwamba parokia imetukumbuka, akaomba Baba ambarikie baiskeli yake mpya kabla hatujaanza.

Ningekataaje mbele za watu? Nikaibariki. Maji nilichota kwenye ndoo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Levina alipotoka jikoni akaniita Baba Natalia na kuniuliza kibiriti nimekiweka wapi.

Mama Serafina amesema kesho ataiosha baiskeli yote kwa sabuni. Katika Rozari kaninyima hata fumbo moja la kuongoza. Hata hivyo, tumesali vizuri.

Jumamosi, 18 Oktoba

Levina ameniokoa. Amekaa dirishani tangu asubuhi hadi mchana. Amekata ile kanzu ikafika magotini, amefumua misalaba na mahali pake kadarizi maua ya uzi mwekundu. Vifungo vimebaki kumi na nne. Kidole kajichoma mara mbili. Nimejitazama kwenye kioo cha kabati na nimeona mtu wa kukabidhiwa ghala.

Nashukuru sana kwa mwanamke huyu. Naandika hapa kwa sababu mdomoni nilichosema ni kwamba inabana kwapani.

Kisha akaniambia kwamba Ursula, mke wa Lukelo, anahangaika kupiga pasi suti nyeusi. Akauliza kama nyeusi inafaa. Nikasema kila mtu na chaguo lake. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Yeye atavaa kitenge chake cha kijani, ncha moja aipitishe begani. Nimemtahadharisha asiweke matumaini kwenye zawadi.

Jumatatu, 20 Oktoba. Diwali

Najaribu kuandika kwa mpangilio.

Nilifika saa kumi, saa nzima kabla ya wengine, ili Bosi anione nikiwa peke yangu. Levina alisema atakuja na Ursula. Getini hapakuwa na mtu. Wote walikuwa jikoni, samli inanukia hadi barabarani. Na pale barazani, mbele ya mlango mkubwa, mchele ulikuwa umemwagika. Mwingi! Tena wenye rangi, mwekundu na wa manjano na wa bluu, umetanda sakafuni mduara mzima.

Kazini kwetu sheria ya kwanza ni hiyo: punje haikai chini. Anayeuona mchele chini akaupita, huyo si mtu wa ghala. Nikaona Mungu amenitengenezea nafasi. Palikuwa na ufagio pembeni. Nikazoa wote, nikautia kwenye debe, halafu nikaupima kwa ile mizani ndogo ya kuning'iniza ninayotembea nayo mfukoni. Kilo moja na robo. Nikabisha hodi.

Bosi akafungua, mama yake nyuma yake. Nikamkabidhi debe kwa heshima. Nikamweleza kwamba kuna mtu alikuwa mzembe, lakini mzigo wote umepatikana.

Bibi Savita akatazama sakafu. Akatazama debe. Kisha akasema maneno ya Kipogoro ambayo sitayaandika.

Ndipo nikaelezwa. Lile lilikuwa pambo la Diwali, la kumkaribisha Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema, aingie nyumbani. Bibi ana miaka sabini na sita. Alikuwa amepiga magoti tangu saa moja asubuhi akizipanga punje kwa vidole, moja moja.

Nilitamani ardhi inimeze. Niliomba radhi mpaka maneno yakaniishia.

Wageni wakaanza kuingia. Lukelo alikuwa mbele, mweusi tii kuanzia kofia hadi soksi. Alipoelezwa hakuuliza la pili. Akapiga magoti na ile suti ya mjomba wake, akamwomba Bibi amwonyeshe pa kuanzia. Levina akakunja kitenge, akapiga magoti upande wa pili. Akafuata Ursula, akafuata Mzee Mayunga na mgongo wake mbovu, akafuata Emanuel wa magunia, mwisho Bosi mwenyewe. Ule mchele nilikuwa nimeuchanganya, haukufaa tena. Wakachora upya kwa unga wa rangi. Mimi nilibaki nimesimama nikiwaelekeza, kwa sababu nguo yangu ni ya rangi ya maziwa na unga ule hautoki kirahisi.

Lilipokamilika lilikuwa limepinda upande mmoja. Bibi alisema ni zuri kuliko la kwanza, akawasha vitaa vya udongo kulizunguka pande zote. Nilikiri moyoni kwamba lilipendeza.

Suti ya Lukelo ilikuwa na kila rangi. Bibi akamvuta ndani, akamtoa amevaa kurta ya hariri nyekundu ya marehemu mumewe. Ilimkaa utadhani alipimwa. Halafu akamuuliza mbele yetu sote ni nani aliyemshauri kuvaa nyeusi siku ya taa. Levina akaniangalia. Nikashika ncha za mtandio wangu. Lukelo akasema alichagua mwenyewe, akidhani nyeusi inaficha uchafu.

Zawadi ya mavazi kapewa Levina. Bibi alisema kitenge kimekaa kama sari ya shangazi yake.

Usimamizi kapewa Lukelo. Bosi alieleza kwamba aliamua tangu masika, ile wiki paa lilipovuja na Lukelo akalala ghalani siku nne akihamisha magunia. Tangu masika! Na mimi nimehangaika na vifungo thelathini na tatu.

Bibi mwenyewe ndiye aliyenijazia sahani. Akasema maishani mwake hakuna aliyewahi kupima kazi yake, na kilo na robo si haba. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya sari. Nilikula ladu sita, na kila moja nilimshukuru.

Jumanne, 21 Oktoba

Naona aibu. Naandika wazi kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Niliyemdanganya ndiye kanisitiri mbele ya watu wote.

Nilikwenda kumwomba radhi nikakwama kwenye salamu. Alinisaidia. Akasema suti imefuliwa mara tatu na limebaki doa la manjano kwenye goti moja, na mjomba amelipenda. Kisha akaniambia ombi lake la kwanza kwa Bosi limekubaliwa: mizani itahamishiwa ndani, karibu na feni, kwa sababu kikohozi changu kinamsumbua tangu mwaka jana.

Nikajifanya nasafisha mawe ya mizani. Sikutaka anione uso. Sijui kama nimewahi kumshukuru mtu namna ile bila kutoa sauti.

Jioni Levina kaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia nipe siku chache.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimejifunza. Nimechambua jambo lote kwa utulivu baada ya misa. Kosa lilikuwa kitambaa.

Lukelo alitangazwa akiwa ndani ya hariri. Mimi nilikuwa ndani ya masalio ya jubilei. Hayo ya paa kuvuja Bosi aliyasema kwa adabu tu, ili nisiumie. Namshukuru kwa hilo.

Na sasa Lukelo anahitaji msaidizi. Bosi atamtaja mwezi wa tatu, kwenye sikukuu yao nyingine iitwayo Holi, pale pale nyumbani kwake. Mshindani ni Emanuel wa magunia. Safari hii nimeuliza mapema, na nimeambiwa siku hiyo watu huvaa nyeupe. Nyeupe tupu! Jana nimempelekea Anselim hariri nyeupe, ile ya gharama, iliyotoka Morogoro kwa basi. Nimemsimamia mpaka ameandika kwenye karatasi: magotini, bila misalaba.

Lukelo alikuwa amenikuta stendi naipokea. Akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole kabisa kwamba siku ya Holi watu hurushiana unga wa rangi na maji, watoto kwa wazee, kuanzia getini, kwa hiyo nivae shati ambalo sitalihurumia. Hata Bibi Savita, nilipompigia, alisema hivyo hivyo.

Niliwashukuru wote wawili. Lukelo anamtaka Emanuel, hilo liko wazi, na Bibi kashavutwa upande wake. Tajiri mzima na akili zake ammwagie rangi mgeni aliyevaa hariri? Mchezo huo naujua, mimi ndiye niliyeuanza.

Emanuel kaamini. Atakuja na fulana yake ya zamani, masikini. Nimemwombea leo kanisani.