Oili ya Gari la Bibi Alfhild

Tage Kvarnlöf alikuwa na kipaji cha kunusa faida kabla ya kuiona, na siku ile faida ilinuka yai viza.

Alikuwa amelala chali chini ya gari la Bibi Alfhild Rosvall, ndani ya banda huko Torshälla, akijifanya anatafuta kutu. Gari lilikuwa la mwaka sitini na nne, lile la mgongo wa mviringo ambalo nusu ya Waswidi walitapikia kiti chake cha nyuma utotoni, ndiyo maana wanalipenda mpaka leo. Tangazo lilisema gia ya pili inasaga. Watu wenye akili timamu walilisoma wakapita. Tage alilisoma akaja na spana mfukoni. Alilegeza plagi ya giaboksi, kile kizibo cha oili, kimyakimya, akachovya kidole, akanusa. Salfa! Moyo ukamruka.

Kwa wasiojua, na Mungu awasamehe: gari kuukuu la aina hii hunywa oili mbili za gia, na ole wake anayezichanganya. Difu, lile bonge lililo katikati ya ekseli ya nyuma, meno yake husuguana kwa ukatili, hivyo hutaka oili kali yenye salfa. Giaboksi lina bangili za shaba zinazopaswa kukamata ili gia iingie bila ugomvi. Litie oili ya difu, na bangili zitateleza, gia itasaga, na ukichelewa, shaba yenyewe italiwa. Kumbe basi gari hili halikuwa na ugonjwa. Lilikuwa limenyweshwa chupa isiyo yake. Dawa ilikuwa kuimwaga na kutia oili ya upole, kazi ya asubuhi moja.

Tage alitoka chini ya gari na uso wa daktari anayetafuta ndugu wa marehemu.

"Mama, kaa kwanza."

"Nimezoea kusimama, mwanangu. Sema tu."

"Ni giaboksi. Linakata roho."

"Maskini! Linaumwa nini?"

"Meno yamekwisha. Twende ukasikie mwenyewe."

Wakazunguka na gari mpaka kanisani na kurudi. Kila Tage alipotia gia ya pili, giaboksi lilitafuna kama fisi aliyepata mfupa.

"Nami miaka yote nikidhani ni mimi sijui kuendesha," alisema Bibi Alfhild.

"Hapana, mama. Hicho unachosikia ni kifo."

Nyuma, kwenye difu, kulikuwa kimya cha ibada. Tage hakukitilia maanani. Mwizi gani amewahi kushuku mlango usiolia?

Waliporudi, akaketishwa mezani. Kwa watu wa kule bei haitajwi kabla mgeni hajaonja kila biskuti, na mwenyeji anayejiheshimu huoka aina saba. Ukiruka moja, umeitukana nyumba. Tage alizitafuna zote kwa nidhamu, akihesabu moyoni. Alikuwa ameuza gari lake la mizigo, riziki yake yote, ili apate fedha za kununulia hili. Daktari mmoja wa meno wa Stockholm alikuwa amekwisha kuahidi kulichukua Jumamosi kwa bei ya kumnyanyua mtu. Mpango ukivunjika, Tage angebaki na miguu yake miwili na deni la pango.

Alipomeza ya saba, akafuta makombo.

"Mama, bei uliyoandika ni ya gari zima. Hili ni nusu gari."

"Kwa hiyo nusu bei?"

"Nusu kasoro. Giaboksi jipya kulipata ni kama kutafuta bikira wodi ya wazazi. Samahani kwa lugha."

"Nimesikia mabaya zaidi kanisani. Haya, nusu kasoro. Marehemu mume wangu Hjalmar angelia."

"Angelia zaidi akiona bili ya fundi. Jambo moja tu, mama: tunauziana kama lilivyo. Tukishapeana mikono hakuna kurudi, si wewe wala mimi."

Kila Mswidi anayajua maneno hayo. "Kama lilivyo" ni kufuli: mnunuzi asiyekagua vizuri ajilaumu mwenyewe. Lakini Tage hakuwa akijihofia yeye. Alihofia kwamba kesho jirani mmoja mwenye kiherehere angemwambia ajuza kuwa tatizo lilikuwa oili tu.

"Si mimi wala wewe," aliitikia Bibi Alfhild, akambana mkono.

"Lo, mama, una mkono mgumu!"

"Ni kukanda unga."

Kesho yake, katika karakana ya kukodi pale Eskilstuna, Tage alimwaga ile oili yenye uvundo, akatia ya upole. Akawasha gari, akazunguka mtaa. Gia ya pili iliingia kama mguu katika kiatu cha zamani. Akampigia daktari wa meno: "Njoo na fedha, mzee. Limekuwa kijana."

Angeishia hapo, leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Lakini Tage, ambaye hakuwahi kumwambia binadamu ukweli, hakuweza kuidanganya mashine. Akasema difu nalo lipate haki yake. Akanunua oili kali ile ile iliyoagizwa na kitabu cha gari, akafungua plagi, akaweka ndoo.

Hakikutoka kitu.

Akachokoa kwa bisibisi. Likadondoka donge la kijivu, likafuatwa na jingine. Akaliminya kati ya vidole, akaliangalia kwenye mwanga. Ulikuwa uji. Uji wa shayiri, mzito, umepikika kwa moto wa safari.

Alisafisha kila pembe ya difu, akatia oili mpya, akatoka barabarani. Difu likapiga yowe. Watu wa Eskilstuna, ambao hawamgeukii hata mtu anayeungua, waligeuka. Meno yaliyolika hulia hivyo. Ukiyashindilia uji, hunyamaza kwa safari fupi, tuseme ya kwenda kanisani na kurudi.

Akapiga simu.

"Bibi Alfhild! Kwenye difu mna uji!"

"Ndiyo."

"Ndiyo?"

"Ulikuwa ukisema sana juu ya giaboksi, mwanangu. Nililelewa nisimkatize mgeni."

"Na ile oili ya salfa kwenye giaboksi..."

"Umekwisha kuibadilisha? Hongera. Nilijua atakuja mmoja mwenye pua. Wasio na pua wanapita zao, na mwenye pua akishanusa mbele hasikilizi nyuma."

Tage akakaa juu ya ndoo. Daktari wa meno alikuwa njiani kuja.

"Difu lingine nitalipata wapi sasa?" alisema, akimuuliza Mungu zaidi kuliko mwanamke yule.

"Kwangu lipo moja, zima kabisa. Bei ni ile nusu uliyonipunguzia, na kidogo cha usumbufu."

Mnyonge hachagui, lakini mjanja lazima aulize, na safari hii Tage alikumbuka kuuliza.

"Una hakika litaingia kwenye gari hili?"

"Litakosaje?" alisema Bibi Alfhild. "Ndilo nililolitoa humo."