Mabati ya Mama Angeline

Jumatatu, 17 Machi
Upepo umeondoka na paa letu. Lote! Mama yetu Angeline amejikunyata chini ya meza, anasali rozari na kukohoa. Dada Doriane, anayehudumia wazee huko Kanada, ametuma pesa za mabati leo leo. Akasisitiza: mabati, Onesphore, si kitu kingine. Utadhani mimi ni mtoto!

Jumanne, 18 Machi
Mbarara mjini. Nilifika mpaka mlangoni mwa duka la mabati. Hapo akili ikanijia. Kambi nzima ya Nakivale haina paa, nani atawauzia maturubai? Mimi! Nikipata faida, mama ataezekewa mabati ya rangi, na jirani Venuste apasuke kwa wivu. Yeye pesa za kaka yake amenunulia mabati ya kawaida. Hana maono.
Nimerudi na mzigo mzima wa maturubai. Mama kaomba tujifunike na moja. Nimekataa, bidhaa mpya haitumiwi.

Alhamisi, 20 Machi
Ole wangu! Shirika la wakimbizi limegawa maturubai. Bure, kila nyumba! Miaka yote hii kambini, nikasahau kwamba baada ya dhoruba hugawiwa. Mteja amekuja mmoja tu, Mariette, kuuliza kama nitanunua turubai lake la bure.
Tumefunika nyumba, upepo umefunua. Mama amekohoa mpaka akalia. Nilitoka nje nisimsikie.

Jumamosi, 22 Machi
Doriane anataka video ya paa. Nikamketisha mama kwa Venuste, chini ya mabati yake, nikapiga. Doriane akafurahi, akampigia mama kumpongeza. Mama yumo Lejio ya Maria, chama cha sala kanisani, uongo hauwezi. Akasema yote.
Doriane hakunitukana. Alilia tu. Bora angenitukana.

Jumanne, 25 Machi
Pesa nyingine imekuja, safari hii kwenye simu ya Venuste. Amenunua mabati, ameezeka mwenyewe, mimi nikishika ngazi. Aibu gani hii! Mama anasema ilikuwa nauli ya Doriane ya kuja kumwona. Hatakuja tena mwaka huu.

Jumatano, 26 Machi
Mvua kubwa. Mama amelala pakavu, hakohoi. Nimelia. Nimeapa mbele ya Bikira Maria kwamba basi, yameisha.
Kisha nikatazama juu. Kule nyuma, penye kuni, kuna mabati mawili yasiyomkinga mtu. Kuni zikilowa zitakauka. Mawili tu, yawe mtaji, na Doriane nitamrudishia nauli yake mara mbili! Venuste amesahau nyundo yake hapa. Mama asiamke tu.