Nani Alimwona Mtaliano Akiangusha Vyuma?

Garissa, 1967

Kwa Mwalimu Mkuu, mwanangu,

Asalaam aleikum. Ni mimi Hawo, nyanya yake Bishara, yule msichana uliyemfukuza Jumatatu. Maneno ni yangu, mkono ni wake, maana mimi shule sikuiona. Tazama hati hiyo, uone umetupa nini.

Uliwafundisha watoto kwamba Mtaliano aitwaye Galileo alipanda mnara, akaangusha chuma kizito na chuma chepesi, vikafika chini pamoja. Mtoto akauliza, "Nani alimwona?" Ukasema hana adabu, asirudi mpaka aombe radhi. Basi, kwa heshima, nina malalamiko.

1. Swali hilo ni langu. Kwetu mtu akidai ngamia kisimani, alama ya moto haitoshi. Tunauliza nani alimwona ngamia huyo akizaliwa, na wazee wawili waape.

2. Serikali nayo ni hivyo hivyo. Tangu vita hivi vitufungie kijijini ndani ya ua wa miiba, hata kuni tunaokota kwa ruhusa. Juzi askari wa langoni walimshika ngamia wangu, wakataka mashahidi kwamba si wa shifta, wale waasi wa porini. Nikaleta wanne, mmoja sheikh. Wakasema hawatoshi! Mimi niko hai, nimesimama mbele yao, siaminiwi. Huyo Mtaliano amekufa zamani, hana hata shahidi mmoja, na mnamtungia mtihani?

3. Mnara wenyewe umeinama, Bishara ameona picha. Mtu anapanda mnara ulioinama, tena na vyuma mkononi. Mama yake alikuwa wapi?

4. Tangu mtoto akae nyumbani, mzee Warfa ananiulizia afya yangu kila asubuhi, na hajawahi kunipenda. Anamtaka Bishara, awe mke wa tatu. Mwalimu, nilimwahidi marehemu mama yake kwamba huyu atasoma. Usinifanye mwongo kwa ajili ya Mtaliano.

5. Kwa hiyo Galileo alete wazee wa ukoo wake waape. Wakishindwa, walipe ngamia jike mwenye maziwa, nitampokea badala ya wangu. Mpaka hapo afukuzwe yeye, Bishara arudi.

Wasalimie walimu wote, mpishi, na yule karani anayenuna. Nawe umekonda. Njoo unywe maziwa, ya mbuzi lakini, maana ngamia unajua aliko.

Mimi, kwa hasira na mapenzi,
Hawo (dole gumba)

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimpandisha Bishara juu ya lori bovu la jirani yetu Diriye, aangushe jiwe la meko na kijiwe kidogo, tummalize Mtaliano kabisa. Vikatua pamoja. Nikasema rudia. Pamoja tena! Askari wakaja mbio wakidhani ni bomu, mmoja akaomba naye ajaribu. Kijiji kizima kimeona, hata Warfa. Sasa Bishara yuko tayari kuomba radhi. Mimi siko tayari. Mrudishe yeye darasani, unifukuze mimi.