Ombi la Cheti cha Kuthibitisha Kwamba Nilifika Uingereza

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Matembezi na Burudani za Wageni,

Mheshimiwa,

KUH: KUONYESHWA VITU AMBAVYO HAVIPO

Pokea salamu kutoka Doha, ambako joto ni la kuivisha mtu lakini sisi tu wazima. Mimi ni Kawira wa Meru, Kenya, na kazi yangu hapa mtaa wa Al Sadd ni kulea watoto wawili. Mwezi wa nane familia yao ilikuja nami mjini kwenu kwa siku nne. Jina la mji silitaji, msije mkaaibika mbele ya majirani. Madam, mama yao, aliumwa na kichwa, akanipa tiketi zake zote, nami nikawachukua watoto tukamfuata kiongozi wenu, Brandon. Malalamiko ni haya:

1. Brandon ana adabu, sikatai. Lakini kwa saa mbili alituonyesha vitu ambavyo havipo. Hapa palikuwa na lango, likabomolewa. Pale palikuwa na nyumba ya mfalme, ikaungua. Tulisimama kwenye maegesho ya magari tukitazama ngome, na wageni wengine wakapiga picha lami. Kwetu mgeni hapelekwi zizini kusimuliwa ng'ombe aliyekufa.

2. Katika ile nyumba ya kale mlitandika meza ya mikate, kuku na matunda, na mlango mkauacha wazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Niliomba Mungu aibariki meza, nikamega. Mkate ulikuwa wa mbao. Jino la mbele linanikumbusha kila asubuhi.

3. Saa nane mchana tulikwenda kutazama mchezo wa kuigiza. Mwizi alijificha nyuma ya pazia, mwenye nyumba akiwa hana habari. Watu mia tatu walimwona wakanyamaza. Nikasimama nikamwambia mwenye nyumba, tena kwa upole. Mimi ndiye niliyetolewa nje, mwizi akabaki.

4. Hili ndilo kubwa. Ijumaa ya kwanza niliporudi, baada ya ibada kule Mesaimeer, wenzangu walitaka kujua nimeona nini. Nikasema kweli tupu, kwamba nimeona mahali palipokuwa na ngome. Wakatazamana. Nikatoa picha yangu, nimesimama kando ya mfereji wenye daraja. Job, dereva na katibu wa kikundi chetu cha maombi, akacheka mpaka akakaa chini, ati huo ni mfereji wa ndani ya lile duka kubwa la hapa hapa Doha, lenye mawingu ya kuchorwa darini. Tangu siku hiyo naitwa Malkia, na hata Chebet, ninayelala naye chumba kimoja, ameacha kunitetea.

Ningemeza. Lakini Job ni wa kijiji kimoja na mama yangu, na mwezi wa kumi na mbili anakwenda likizo. Mama ameshasimama kanisani akatangaza kwamba binti yake amefika Uingereza, na akina mama wakamwandalia chai. Job akifungua mdomo, mama atahamia benchi la nyuma. Mama yangu hajawahi kukaa benchi la nyuma, na jambo hili linaniuma kuliko jino.

Kwa hiyo naomba cheti chenye muhuri kinachosema nilifika. Kama muhuri ni shida, Brandon aje Mesaimeer Ijumaa moja atoe ushuhuda. Chakula kitakuwepo, cha kuliwa. Hilo nalo likishindikana, ijengeni upya ile ngome kabla ya Krismasi, nije nipigwe picha mbele yake.

Nisalimie Brandon, yule mama wa tiketi, na mwenye nyumba wa kwenye mchezo. Natumaini vitu vyake vilipatikana.

Ni mimi niliyefika,
Kawira

Tanbihi: Kesho ni Ijumaa na roho inanisuta, kwa hiyo niseme. Job hakukosea. Kwenu mikono yangu yote miwili ilishika watoto na sikupata picha hata moja, na mama alikuwa anaingojea. Niliporudi nikaenda pale dukani, Chebet akanipiga picha. Mama ameitia fremu, ameitundika sebuleni, na kila mgeni anaonyeshwa. Basi ngome iacheni. Chimbeni mfereji. Picha nimeiambatanisha, mpate vipimo.