Kioo Nilichovunja Mbele ya Mama Mkwe

Leo nimepata aibu mchana kweupe, kando ya barabara, hatua chache baada ya daraja la Sabaki, mbele ya watu wasiopungua kumi na tano na mbwa wangu mwenyewe. Naandika nikiwa nimekaa mchangani na mkono umefungwa kitambaa. Nitawaeleza yote, lakini someni mpaka mwisho kabla hamjanihukumu.

Wazo lilikuwa langu. Mimi ni mtunza stoo katika hoteli moja ya Kikambala, na kila mara naona wageni wakija na mahema, watoto na mbwa, wanalala ufuoni na asubuhi wanaamka wanacheka. Nikamwambia mke wangu Dama, na sisi twende. Siku mbili tu. Hema la kuazima tunalo, gari tunalo (kuukuu, lakini letu), mtoto tunaye, Katana, miezi minane, na mbwa tunaye, Kamanda. Twende tukapige kambi Sabaki, karibu na pale mto unapoingia baharini. Dama akakubali kwa sharti moja: tumpitie mama yake Jilore aje amsaidie na mtoto.

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Mama mkwe wangu ni mtu wa mila. Kwake yeye, mama na mume wa bintiye hawasemeshani ana kwa ana, hawatazamani usoni, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Siku hizi wengi wameacha. Yeye hajaacha. Miaka minne nimemwoa Dama na sijawahi kuambiwa na mama neno lolote moja kwa moja. Akiwa na jambo nami, humtuma yeyote wa nyumbani aliye karibu, hata kama mimi niko pale pale na nimeshasikia. Nami hujibu kwa njia hiyo hiyo. Ni heshima, na mimi namheshimu sana (namwogopa, tuseme ukweli).

"Dama," alisema asubuhi tulipofika kwake, akiangalia hema, jiko na madumu ya maji juu ya keria ya gari, "hebu muulize baba Katana, nyumba yao imeungua?"

"Mwambie mama haijaungua," nikajibu. "Tunaenda kupumzika."

"Muulize, mtu mwenye nyumba na kitanda anakwendaje kupumzika mchangani na mtoto mchanga?"

Yeye akapanda gari. "Siwezi kumwacha mume wangu alale porini," akasema, akimshika Katana shavu. (Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Na huyu mume analindwa, msicheze.)

Alikaa nyuma kushoto, mbali nami kadiri gari linavyoruhusu. Katana alikuwa katikati kwenye kiti chake, Kamanda nyuma yangu, Dama mbele. Tulipoikaribia Malindi Dama akasinzia, basi ujumbe ukawa unapitia kwa mtoto. "Katana, mwambie baba yako hilo ni shimo." "Katana, mwambie baba yako lori halishindaniwi." Mtoto amelala fofofo na bado anatumwa.

Tulivuka daraja saa sita na ushei. Dama akaamka, akakumbuka uji wa mtoto utahitaji maji moto na mimi nilikuwa nimesahau kujaza chupa ya chai. Nikaegesha kushoto, kando ya mtaro. Dama akachukua chupa, akapanda kilimani upande ule ule kwenda kuomba maji kwenye kibanda cha chai. Mama akashuka upande wake anyooshe miguu. Mimi nikapandisha vioo vyote, kwa sababu Kamanda akiona mbuzi huruka dirishani, na mbuzi walikuwepo. Nikazima gari, ufunguo nikauacha pale pale, nikashuka kukaza kamba ya jiko juu ya keria. Dakika moja tu, jamani.

Kamanda alipoona nimetoka, akaruka kiti cha mbele kunifuata. Akausimamia mlango wangu kwa miguu miwili, na mguu mmoja ukatua kwenye kitufe cha kufunga milango. Nikasikia: ta! Milango yote kwa pamoja.

Nikavuta mlango wangu. Umefungwa. Wa nyuma yangu, umefungwa. Nikapita mbele ya gari, nikavuta mlango wa Dama, umefungwa. Ukabaki mmoja, wa nyuma kushoto, wa mama. Lakini mama alikuwa amesimama pale pale, amenipa mgongo, ameifungua leso ya kiunoni anaifunga upya. Nikageuka haraka nikatazama mawingu. Hapo mkwe hapiti. Tena milango ya namna hii ikijifunga hujifunga yote, nikajiambia, kwa hiyo hakuna cha kujaribu. Nikarudi upande wa barabara.

"Kamanda," nikasema taratibu, "gusa tena. Gusa hapo hapo." Akalamba kioo.

Kisha Katana akaamka. Kilio chake kilinifikia kidogo kidogo kupitia kioo, na jua lilikuwa linampiga usoni. Jua la huku mnalijua, na gari lililofungwa ndani yake huwa tanuri. Nikavua shati, nikalibana juu ya kioo cha mlango wa nyuma yangu limkinge, nikazunguka mbio kujaribu mlango wa buti.

Nyuma ya gari nikakutana na mama uso kwa uso. Alikuwa ameshavuka mtaro kwenda kivulini, na aliposikia mtoto analia akawa anarudi. Akamkuta mkwewe kifua wazi, tumbo mbele. Akajifunika uso kwa leso ya begani, akageuka, akavuka mtaro tena, akaenda kusimama chini ya mkorosho akitugeuzia mgongo. Basi upande ule ukawa haramu kwangu kabisa. Nitapitaje pale nikiwa hivi nilivyo? Na shati siwezi kulitoa, ndilo kivuli cha mtoto.

Watu wakaanza kusimama, wote upande wa barabara. Mwendesha boda, wanawake wawili wauza mananasi, dereva wa lori la mchanga, na wengine walioteremka kwenye lori hilo.

"Ufunguo uko wapi?" akauliza yule wa boda.

"Ndani."

"Nani kafunga?"

"Mbwa."

Akamchungulia Kamanda kiooni. "Mbwa?"

"Mbwa."

Mmoja akasema itafutwe waya. Mwingine akasema yuko fundi Mambrui, ila kwenda na kurudi ni karibu saa nzima. Saa nzima! Mtoto analia humo. Dereva wa lori akashauri nimfanye mbwa aruke tena mlangoni, huenda mguu ukagusa kitufe. Nikaruka. Nikapiga makofi. Nikabweka (ndiyo, nilibweka, mbele za watu, bila shati). Kamanda akakaa kwenye kiti cha dereva akanitazama kwa huruma.

"We mbwa!" Ilikuwa sauti ya mama kutoka kule mkoroshoni. "We mbwa, nasema nawe!" Na mengine ambayo injini ya lori iliyameza. Nitawaambia ukweli, nilifarijika kidogo. Angalau mama anamlaumu mbwa, si mimi.

Halafu Katana akanyamaza.

Nikalipandisha shati nichungulie. Kichwa chake kilikuwa kimeinamia upande mmoja na hakitikisiki. Nikapiga kioo kwa kiganja, nikaita jina lake. Hakulia, wala hakugeuka. Niliogopa, jamani. Sijawahi kuogopa namna ile tangu nizaliwe. Mmoja wa wauza mananasi akasema kwa sauti ya chini, "Baba, vunja."

Nikaokota jiwe. Nikachagua kioo cha mlango wangu, kilicho mbali na mtoto. Kamanda akahamia kiti cha pili bila kuambiwa. Pigo la kwanza, jiwe likadunda. La pili vilevile. La tatu kioo kikamwagika chote, king'ora kikalia, nikaingiza mkono ukachanika, nikafungua, nikajirusha ndani mpaka kiti cha nyuma.

Kiti cha mtoto kilikuwa kitupu.

Nikainua macho. Nje, upande wa mtaro, Dama alikuwa amesimama na Katana begani, chupa ya chai mkononi, na mlango wa nyuma kushoto uko wazi mbele yake.

"Baba Katana," akasema, "mbona unavunja gari na mlango uko wazi?"

Mama, wakati wa kushuka, hakuubamiza mlango asije akamwamsha mumewe. Aliuegesha tu. Milango mingine ilipojifunga, wake haukuwa umeingia mahali pake, na upepo ulikuwa ukipita hapo wakati wote. Na Katana alinyamaza kwa sababu alikuwa amepinda shingo, ananitafuta pale mbele nilipokuwa nikibweka.

Dama akamgeukia mama yake. "Mama, na wewe hukumwambia?"

"Nimesema mara tatu," mama akajibu, bado ametugeuzia mgongo. "Nimesema, we mbwa, mwambie bwana wako mlango wa huku niliuegesha tu."

"Umemtuma mbwa, mama?"

"Wewe hukuwepo. Mtoto analia, na mkwe kifua wazi sisogelei. Nimtume nani?"

"Si watu hawa wote wapo?"

"Hawa siwajui. Mbwa ni wa nyumbani."

Dereva wa lori alikaa chini barabarani. Wa boda aliegemea pikipiki yake akafuta machozi. Yule mama wa mananasi, aliyeniambia nivunje, alinichagulia nanasi kubwa akanipa bure, na alipokuwa ananipa hakuweza kunitazama.

Nikabaki nimesimama pale, damu mkononi, vipande vya kioo vimenata kwenye jasho la tumbo. Ndipo mama alipogeuka. Polepole akaiteremsha leso, akanitazama kuanzia juu hadi chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye akasema na mimi mwenyewe, bila mjumbe.

"Baba Katana," akasema. "Vaa shati."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Nikalivaa nje ndani.

Sasa hivi tuko kambini. Mama yuko hemani na mumewe, Dama anapika, na mimi nimepewa nailoni na gundi nikazibe dirisha. Wenye kutaka kunicheka nawaomba adabu. Asinicheke mtu moja kwa moja. Amtume mbwa.